Salme, Siti au Rosa: kikoba kianze na kitabu kipi?

Mdogo wangu wa mwisho alinipigia simu majuzi kutoka Morogoro. Baada ya shikamoo na habari za watoto akaingia kwenye lililomfanya apige: "Dada, kikoba chetu tumekubaliana tuwe tunasoma. Kitabu kimoja kila miezi miwili, habari za wanawake waliohangaika mpaka wakasimama wenyewe. Nyie huko mmeshasoma vingi, tuanze na kipi?" Jibu lilikuwa mdomoni nikalizuia, kwa sababu kikundi chetu hapa Dar es Salaam kilianza vibaya, na sikutaka wenzetu wapite palepale tulipojikwaa.

Sisi tulianza na riwaya. Tulichukua Rosa Mistika kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo mkononi, nakala moja iliyochakaa, na wengi walikuwa wameisikia tangu shuleni. Kufika mkutano wa tatu, watu kimya. Kitabu si kibaya hata kidogo, kimeandikwa na fundi. Ila mama mmoja anayeuza vitumbua, mwenye mabinti wawili sekondari, alifunga daftari lake akauliza: "Kwa hiyo binti akitoka nyumbani ndiyo basi, mwisho wake ndio huu?" Hakuna aliyemjibu. Swali lile ndilo lililonifanya nivipange vitabu hivi upya, kimoja ubavuni mwa kingine, nione kipi kinafaa kwa nani na kwa wakati gani.

Vipimo vyangu ni viwili. Cha kwanza, nani ameshika kalamu: mwanamke mwenyewe, au mtu anayemsimulia? Cha pili, na hiki kwangu ndicho kizito, mwanamke akishatoka, akishakataa au akishaachwa, kesho yake asubuhi anakula nini? Analala wapi, kodi analipa nani, watoto wanavaa nini? Sisi tunaokutana kununua hisa na kukopeshana mitaji tunajua kwamba maneno ya kusimama mwenyewe yanaanzia hapo.

Kalamu mbili, mwaka mmoja kati yake

Nianze na waliojiandikia. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate kwenye visiwa vya Lamu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa beti zaidi ya mia. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, maradhi yamemshika mwaka mzima, na alijua siku zake si nyingi. Anamwita binti asogee, alete wino na karatasi, apokee wasia.

Mwaka uliofuata, huko Unguja, msichana wa miaka 15 aitwaye Salme binti Said alikuwa akiandika barua za siri. Kaka yake Barghash alikuwa amekula njama ya kumwondoa kaka yao Majid kwenye kiti, na Salme akawa katibu wa njama ile kwa kuwa alijua kuandika. Ujuzi wenyewe aliupata kwa kificho. Mabinti wa nyumba ya kifalme walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Yeye alichukua mfupa wa bega la ngamia, ule uliotumika kama ubao wa watoto chuoni, akawa ananakili herufi za msahafu peke yake mpaka mkono ukazoea.

Nyumba hizi mbili zilijuana kwa vita. Bwana Mataka aliyapinga kwa silaha majeshi ya Sayyid Said, sultani wa Unguja, na Sayyid Said ndiye baba yake Salme. Kwa hiyo mjane wa upande mmoja na binti wa upande mwingine wameshika kalamu karibu siku zilezile, kila mmoja kwa sababu yake.

Ukiweka maandishi yao pamoja, tofauti inakupiga usoni. Utendi wa Mwana Kupona unamfundisha binti kukaa. Radhi za kutafutwa ni tano: za Mungu, za Mtume, za baba, za mama na za mume, na siku ya kufufuliwa mume ndiye atakayeulizwa mkewe atendweje. Mtu anayetafuta mapambano atakifunga kitabu hapo. Mimi ningemwomba asiharakishe. Kuna mahali mama huyu anamwambia binti amtunze mume kama kijana asiyejua kunena, aangalie kinachoingia na kinachotoka. Siku tuliyousoma ubeti ule, wanakikundi walicheka mpaka mwenye nyumba akaja kuchungulia, kwa sababu kila mmoja alimwona mtu anayemjua. Humo ndani mna mwanamke anayejua vizuri nani ana nguvu katika nyumba, naye anampa bintiye akili ya kuishi na nguvu hiyo bila kuvunjika. Wapo wanaousoma utendi huu kama utiifu mtupu na wapo wanaousoma kama werevu uliofunikwa kwa adabu. Mimi nausoma kwa namna zote mbili, na sioni haja ya kuchagua.

Kitabu cha Salme kinakwenda njia nyingine, na simulizi yake ni ndefu yenye kuumiza. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, mama yake akiwa suria wa Kicherkesi. Baba alipofariki mwaka 1856, Salme alitangazwa mtu mzima akiwa na miaka 12 tu, akakabidhiwa urithi wake, shamba lenye nyumba pamoja na fedha. Baadaye akapendana na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, akashika mimba. Mwezi Agosti 1866 akatoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alijifungua mtoto ambaye hakuishi muda mrefu, mwaka 1867 akabatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyohiyo, wakaelekea Ujerumani. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa. Salme akabaki na watoto watatu, mkubwa wao akiwa na miaka miwili, katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza.

Kesho yake alikula nini? Kitabu kinakujibu, na kwa jibu hilo ninakiheshimu. Alihama mji hadi mji akitafuta maisha ya bei nafuu, akafundisha Kiarabu kwa malipo, akaandika. Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886, tafsiri ya Kiingereza ikafuata 1888. Miaka yote hiyo alikuwa anadai mirathi yake Unguja. Mwaka 1885 alirudi na manowari za Kijerumani, akadhani serikali ya Bismarck inamsaidia kudai haki, kumbe alikuwa kitisho cha kumshinikiza Barghash, ambaye sasa ndiye sultani. Barghash, yuleyule aliyemwandikia barua za njama akiwa msichana, hakukubali kumwona. Salme alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa Unguja aliokuwa ameutunza miaka yote.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wengi wanaomsifu Salme hulipita kimya. Katika kitabu hichohicho anautetea utumwa. Anaona Wazungu hawauelewi na wanaingilia yasiyowahusu. Naye Mwana Kupona anamwonya bintiye asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Tulipofika kurasa hizo kikundini, mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Bagamoyo, alisema taratibu: "Mimi bibi yangu angekuwa nani humu?" Swali hilo ni zito kuliko la mama wa vitumbua, na vitabu hivi viwili, kwa uzuri wao wote, havina jibu lake. Waandishi wake walikuwa wamekaa juu ya zulia, na mtu mwingine ndiye aliyelikung'uta.

Mwenye kaniki

Jibu linakuja kutoka Fumba, kusini mwa Unguja. Karibu na mwaka 1880 alizaliwa huko mtoto wa kike wa wazazi wenye asili ya utumwa, akaitwa Mtumwa. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, naye yuko kwenye ujana wake. Mama alikuwa mfinyanzi, binti akawa anabeba vyungu kichwani kwa miguu kutoka Fumba hadi mjini, akivitembeza kwa kuita wanunuzi. Sauti ile ya kuitia vyungu ndiyo iliyokuja kujulikana kutoka Unguja hadi Bombay. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa muziki na Ali Muhsin, akajiunga na wanamuziki akina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku Talsam na Maalim Shaaban. Jina la Mtumwa likaachwa njiani, akawa Siti.

Soma tena ule wasia wa kutochangamana na watumwa, kisha umtazame huyu. Mtoto aliyeitwa Mtumwa anaingia mjini, na baada ya miaka anaalikwa kuimba mbele ya sultani, kitukuu wa Sayyid Said. Kabla yake taarabu ya ikulu iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliileta kwenye Kiswahili, lugha ya jikoni na sokoni, na mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake.

Waliomwonea kijicho walimtungia kijembe kwamba alikuja mjini amejifunga kaniki. Kwa msomaji wa leo kaniki ni kitambaa tu, na ukipita haraka hutaona ukali wake. Kaniki ile nyeusi ilikuwa vazi la watumwa na maskini. Mwanamke aliyetaka kuonekana muungwana aliivua kwanza, ndipo akanunua kanga. Kumkumbusha mtu kaniki yake ilikuwa kumrudisha sokoni alikouzwa mzazi wake. Siti alijibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Hakukana alikotoka. Tulipousoma mstari huo mama wa Bagamoyo alitaka urudiwe, ukarudiwa, akataka tena.

Sauti hiyo hakuitumia kujitetea yeye peke yake. Wimbo wake wa Kijiti unasimulia mauaji ya kweli ya mwanamke mgeni aliyechukuliwa na mwanamume, akarudi maiti. Muuaji akakimbia, na walioangukiwa na mkono wa sheria ni wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Mahakama ilikuwa imeshamaliza kazi yake, lakini kisa kiliendelea kuimbwa barazani kama alivyokiweka Siti. Bi Kidude, aliyefariki 2013, aliuimba wimbo huo hadi uzeeni, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilipotafuta jina la jarida lake kiliita Sauti ya Siti.

Sasa kipimo cha kwanza: nani ameshika kalamu? Si Siti. Yeye aliacha sauti, hakuacha daftari. Aliyemwandika ni Shaaban Robert, ambaye alizungumza naye siku za mwisho za uhai wake. Siti alifariki mwaka 1950, na Wasifu wa Siti binti Saad ukatoka mwaka 1958. Hili ni pungufu na nalitaja wazi. Shaaban Robert ni mwalimu wa maadili kila anaposhika kalamu, na kuna kurasa ambazo unataka kumsikia bibi unamsikia bwana. Anamsifu mpaka unajiuliza kama huyu mwanamke hakuwahi kukasirika hata siku moja. Lakini Kiswahili chake ni kitamu cha kusomwa kwa sauti, kitabu ni chembamba, na mtu aliyeishia darasa la saba atakifuata bila kamusi. Utendi unataka mtu anayekijua Kiamu, lahaja ya Lamu, au toleo lenye maelezo. Bila hivyo utakwama kwenye "negema" ambalo maana yake ni sogea karibu, na "pulika" ambalo ni sikiliza. Kitabu cha Salme nacho kinataka Kiingereza au mtu wa kuwafasiria wenzake papo kwa papo, kama tulivyofanya sisi. Kuna faida moja: matoleo ya zamani yanapatikana bure mtandaoni.

Kwenye kipimo cha pili Siti anawapita wote. Hakuna asubuhi katika maisha yake ambayo husikii alikula nini. Vyungu, kisha sauti, kila hatua imeshikwa na kazi, na kazi hiyo ameifanya pamoja na wenzake. Hakuna mume anayemkomboa, hakuna mirathi. Tajiri mwenye moyo mwema anayetokea ukurasa wa mwisho pia hayumo.

Mlango uleule wa riwaya

Kwa nini basi riwaya zilitunyamazisha? Nilizipanga tatu pamoja ndipo nikaona. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ni ya 1971, Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed ni ya 1976, na Utengano ya Said Ahmed Mohamed ni ya 1980. Rosa wa Ukerewe anapigwa na baba kwa sababu ya barua ya mvulana. Rehema anateseka nyumbani kwa baba mwenye mashamba. Maimuna wa Utengano anafungiwa utawani na baba mwanasiasa ambaye yeye mwenyewe hashikiki nje. Kila mmoja anatoka, au anaachiwa akiwa hajafundishwa dunia, na kila mmoja riwaya inampitisha mlango uleule wa miili kuuzwa au kuchezewa. Rosa anasomea ualimu, ana kazi inayoheshimika, na bado mwandishi hampi njia isipokuwa kifo.

Najua waandishi walikusudia kuwashtaki akina baba, na kwa hilo nawashukuru. Kezilahabi alilipia: kitabu chake kilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Lakini linganisha na historia uone ajabu yake. Wanawake wa kweli waliotoka tunawakuta wakifundisha lugha, wakiuza vyungu, wakiimba, wakiandikisha wanachama, wakishtaki kudai mirathi. Riwaya zetu za miaka ile hazikuwawazia kazi hizo. Historia iliwapa njia nyingi, fasihi ikawapa danguro na, wakijaliwa, mume mwema wa kuwapokea. Ndiyo sababu nashauri kikundi kisianze na riwaya. Mkianza nayo, mtadhani mlango ni mmoja. Mkiifikia mkiwa mmeshamjua Siti, mtambana mwandishi kwa maswali, na hapo riwaya inakuwa na faida kubwa.

Kati ya hizo tatu mimi ningetanguliza Utengano, kwa ajili ya wanawake walio pembeni mwa hadithi. Yumo Bi Farashuu, mkunga anayeingia nyumba iliyofungwa kwa kuwa mwenzake ana uchungu wa kuzaa, na yumo Kazija, anayempangia Bwana Maksuudi, baba yake Maimuna, aibu kwa hesabu za mchezaji bao. Hawa hawakai kusubiri. Nyota ya Rehema iwekeni kwa siku mtakayozungumzia ardhi, maana Rehema na Sulubu wanalima kwa jasho lao kisha ndugu wa upande wa baba wanakuja kudai shamba. Mwanakikoba yeyote aliyenunua kiwanja bila maandishi atasoma sehemu hiyo mkono ukiwa kifuani. Rosa Mistika msiikimbie, ila isomwe na watu wanaoaminiana, na ikiwezekana pamoja na mabinti wakubwa, mama akiwa tayari kuulizwa maswali.

Bibi Titi, ambaye hana kitabu chake

Mdogo wangu alikuwa ameniambia, "Mbona hujamtaja Bibi Titi?" Nilimtaja mwisho kwa sababu kitabu anachostahili bado sijakiona. Kumbukumbu zake alizisimulia kwa Susan Geiger, mwanahistoria Mmarekani, na zikatoka kwa Kiingereza mwaka 1997 katika kitabu chake kuhusu wanawake wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika. Mtu aliyesisimua umati kwa Kiswahili, sisi wenye Kiswahili tunamsoma kwa kufasiriwa. Hilo linaniuma kila nikipita barabara yenye jina lake katikati ya Dar es Salaam.

Titi Mohamed alizaliwa mwaka 1926 na alikuwa mwimbaji wa ngoma. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi, ndipo Titi akatafutwa. Mumewe aliombwa ruhusa kwanza, na kwenye kikundi tulikaa na sentensi hiyo muda mrefu, kwamba hata mwanamke wa kwenda kudai uhuru wa nchi alihitaji kuombewa ruhusa nyumbani. Alipoingia hakutafuta wasomi. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma na lelemama, kwa wanawake watu wazima, wengi wao Waislamu wenye elimu ndogo ya shule, wauza maandazi na samaki, ambao tayari walikuwa na viongozi wao, michango yao na namna yao ya kupeana habari nyumba kwa nyumba. Kwa miezi michache wakaandikishwa kwa maelfu. Ukitafuta babu wa vikoba, mimi naona bibi, na anapiga lelemama.

Baada ya uhuru aliongoza UWT, umoja wa wanawake wa nchi, tangu ilipoundwa mwaka 1962, akawa naibu waziri, akapoteza ubunge 1965. Azimio la Arusha la 1967 liliwataka viongozi waache nyumba za kupangisha, naye akajiuzulu nafasi yake katika chama. Watu wengi wanahesabu hili kuwa doa. Nikitumia kipimo changu cha pili nasita. Kwa mwanamke asiye na digrii wala urithi wa kifalme, nyumba ya kupangisha ndiyo iliyokuwa chungu chake. Yafaa kikundi kibishane juu ya hilo kwa haki, bila kumsafisha na bila kumchafua. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, ndipo aliposifiwa tena hadharani. Alifariki mwaka 2000.

Kama mna mtu mmoja anayesoma Kiingereza vizuri, mpeni kazi ya kuandaa sura ya Bibi Titi aje kuisimulia kwa Kiswahili. Sisi tulifanya hivyo na ulikuwa mkutano uliokwisha saa mbili usiku, waume wanapiga simu.

Uchaguzi wenyewe

Nilimwambia mdogo wangu atazame watu wake kabla ya kutazama kitabu. Wakiwa ni wafanyabiashara wadogo wanaochoka jioni, Siti, bila kusita. Wakiwa wanafunzi wa chuo au walimu wenye Kiingereza, waanze na Salme, mradi wasiruke kurasa zake za utumwa, kisha wamweke Siti mara moja baada yake, wiki hiyohiyo ikiwezekana, ili wasikie upande wa pili wa jumba lile. Kikundi cha wakwe na akina mama wazima, chenye mtu wa Lamu au Mombasa ndani yake, kitafaidi Utendi kuliko kikundi chochote, kwa kuwa watabishana mstari kwa mstari na watacheka.

Wasiopenda kusoma wawape Nguzo Mama ya Penina Muhando, tamthilia ya 1982. Wanawake wa kijiji wanataka kuisimamisha nguzo, na kila wakiishika mmoja anavutwa na shida ya kwake: mume, watoto, njaa, maneno ya watu. Nguzo inabaki chini. Majina yao ni Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu na kuendelea, kwa hiyo mnagawana sehemu kwa kuhesabu tu mlivyokaa. Ni kitabu pekee kati ya hivi ambacho shujaa wake ni kikundi, na kwa wanakikoba waliowahi kuona mkopo ukikwama kwa ugomvi wa watu wawili, hakihitaji mfafanuzi.

Akauliza kama waanze na Siti basi, wanunue nakala ngapi. Nikamwambia nakala tatu zinatosha watu kumi na wawili, kwa sababu kitabu hiki kinasomwa kwa sauti, mmoja anasoma wengine wakichambua mchicha. Na kabla hamjafungua ukurasa, nikamwambia, tafuteni kwenye simu moja ya santuri zile za Bombay, muiweke katikati ya mkeka. Ina mikwaruzo mingi, mwanzoni utasikia kama mvua juu ya bati. Vumilieni kidogo, mpaka sauti ya muuza vyungu itakapopanda juu ya mvua hiyo, kisha mwenye miwani aanze kusoma.